Ndago za Upande Wangu

La, si wivu. Ni kokoto.

Najua hujauliza. Lakini umekaa hapo kwenye mkeka wangu, macho yako yaenda kwenye kile kiti kule ng'ambo, yarudi kwangu, yaenda tena. Kila anayeingia uwani humu hufanya hivyo, na mimi huwajibu mapema, macho yao yapate kupumzika. Kile kiti ni cha mume wangu. Ni mume wa yule pia, yule mama uliyemwona akianua nguo. Ni mke mwenzangu. Mimi ndiye bi mkubwa, yeye bi mdogo, ingawa huyo mdogo ana wajukuu watano na magego yake wayahesabu kwa mkono mmoja. Nyumba moja, milango miwili ya nyuma, ua mmoja. Huku kwangu, kule kwake, na ule mstari wa mawe katikati.

Basi sikiliza. Usiku una zamu. Siku mbili kwangu, siku mbili kwake, na hapo mzee sina la kumsema, tangu amuoe yule hajanidhulumu hata usiku mmoja. Kupika kuna zamu. Kufua kanzu zake kuna zamu. Lakini kile kiti hakina zamu. Hakuna sheikh aliyepata kusema kwamba mume akishaswali alasiri akae uwani kwa nani mpaka magharibi. Hapo ni moyo wake tu. Na miaka yote, hata baada ya kuoa tena, moyo wake ulikaa huku. Hapo hapo ulipokaa wewe. Na kahawa yangu, na tende tatu kwenye kisahani, na wake wa majirani waja mmoja mmoja na khanga zao, na mimi nawachekesha.

Maana mimi sikusoma. Kalamu naijua ya kuchomeka nyweleni. Lakini sauti nazijua. Mtu akisema mbele yangu mara moja, nshamchukua. Nikimwiga muuza samaki, "Changu! Changu wa sasa hivi, mama, bado akonyeza!", basi wa nyumba ya tatu atoka na sahani yake. Nikimwiga balozi wa mtaa akisoma barua asiyoielewa, wanawake washika mbavu. Hata mzee mwenyewe nilikuwa namwiga, naye papo hapo kwenye kiti. Ana namna yake ya kukohoa kabla hajatoa neno. "Khu, khu, khu... mama watoto... khu... ile... ile nanihii..." Na mkono hivi, watafuta hewani. Watu walala kwenye mkeka kwa kicheko. Naye hutabasamu, akaangalia ndani ya kikombe chake.

Hiyo ndiyo ilikuwa dunia yangu baada ya alasiri. Usifikiri ni kitu kidogo. Mwanamke akifika umri wangu watoto washaondoka, meno yashaondoka, lililobaki ni nani yuwakaa wapi.

Sasa masika moja yakanyesha mpaka ua ukawa bwawa. Mzee akenda kutawadha pale karoni, akateleza, akaanguka kwa nyonga. Kijana wangu wa kwanza, yule wa Mombasa, akapiga simu. Ana sauti ya kuita bodaboda: "Mama, nisikilize. Mama. Mama, nisikilize." Nami nakusikiliza tangu uko tumboni! Akasema ataleta kokoto, ua mzima, tusikanyage tena matope. Na kweli, wiki ile ile lori likaja, dereva mtu wa bara. "Mathe, nimwage wapi?" Mwaga hapo. "Hapo wapi, mathe?" Hapo unapokanyaga. "Sasa mathe, mimi nikimwaga hapa natoka aje?" Nikamwiga mpaka leo watu waniomba.

Tukazitandaza kokoto, nusu kwangu, nusu kwake. Sawa kwa sawa. Lakini weka akilini: kokoto zile zililetwa na mwanangu mimi, niliyemzaa mimi, kwa uchungu wa siku mbili.

Miezi ya kwanza zilikuwa za kupendeza. Ukitembea zalia chakari, chakari. Halafu siku moja naona jani moja, jembamba kama sindano ya kushonea magunia, limetokeza katikati ya mawe. Nikaling'oa. Kesho yake mawili. Wiki ya pili, ndago uwani kama nywele kichwani.

Weye hujui ndago? Bahati yako. Magugu mengine yana adabu. Mchicha pori ukiung'oa watoka na mzizi wake, huo, kwaheri, na ukitaka waupika. Ndago yakuachia jani mkononi, yenyewe imebaki chini. Ina vijiazi vyeusi vyenye nywele, hiki kimeshikana na kile kwa uzi, kile na kingine, kama misikiti na madrasa zake. Na kwenye kokoto ndiyo yastarehe kabisa. Jua haliifikii chini, maji hayakauki, na wewe jembe huwezi kulitia, ladunda juu ya mawe.

Mimi nikachukua panga. Nikakaa chini nikafyeka upande wangu wote, mpaka jioni mgongo umekuwa bakora. Ukawa mweupe. Siku ya tano ikarudi, na safari hii imekuja na jamaa zake.

Bi mdogo alikuwa amesimama kwake, mikono nyuma. Yeye ni mtu wa Sabaki, amezaliwa mashambani pale karibu na mto, ndago ameijua kabla ya kumjua mama yake. Na sauti yake, ngoja nikupe. Atoa neno moja moja kama mtu apangaye mayai kwenye kapu. "Da-da... ndago... haikatwi, dada. Yafuatwa."

"Yafuatwa wapi, ina kesi kortini?"

"Yafuatwa... chini, dada."

Nikamcheka mbele yake, na nyuma yake nikamcheka zaidi. Lakini yeye akaanza. Kila asubuhi, jua halijapanda, apiga magoti juu ya gunia, na msumari mrefu aliopinda ncha. Achukua mahali padogo, kadiri ya sinia ya wali. Azoa kokoto zote za hapo, azichekecha, aziweka kando. Halafu achimba kwa msumari, shubiri moja, afuata ule uzi polepole usikatike, kijiazi cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka mwisho wa ukoo. Atia kwenye kopo. Kopo lenda motoni, hatupi jalalani, kwa sababu ndago ukiitupa umeipanda. Kisha arudisha kokoto zake, azilaza kwa kiganja. Sinia moja kwa siku. Na palipochimbwa pakitoka jani, alifuata siku hiyo hiyo, hangoji liwe na mwenziwe.

Sinia moja kwa siku! Nikawaonyesha majirani: nikapiga magoti, nikainua makalio, nikashika kijiko badala ya msumari. "Da-da... naifuata... imekwenda Lamu, dada." Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa.

Masika yakapita, vuli ikapita. Siku moja natoka na beseni, naangalia ng'ambo. Upande wake mweupe kama wali wa harusi. Upande wangu, wallahi, mbuzi wa jirani aliingia akaja kwangu moja kwa moja, hakugeuza hata kichwa kuangalia kule.

Na siku hiyo hiyo, alasiri imetoka, mzee akarudi kutoka msikitini, akashika kiti chake. Na ile nyonga yake! Nikadhani yuwakwepa jua. Akakibeba, akavuka mstari wa mawe, akakitua kwa bi mdogo. Akakaa. Kiti kikatulia, miguu minne yote. Bi mdogo akamletea chai ya tangawizi.

Kahawa yangu ilikuwa ishamiminwa. Tende tatu ziko kwenye kisahani.

Nikaangalia chini ya pale kiti kilipokuwa kikikaa kwangu. Ndago imeinua kokoto, pamekuwa na matuta. Nikasema aa, ndiyo hii. Kiti kilikuwa chatikisika. Nyonga yamuuma. Nani asingewaza hivyo? Mume amehama kwa sababu ya magugu, basi magugu yakitoka mume atarudi.

Siku ya pili akakaa kule. Ya tatu. Wiki. Majirani wakaja kwangu kama kawaida, lakini mtu acheka na jicho lake liko ng'ambo kama lako wewe. Nami namenya muhogo huku sikio limegeuka. Na unajua kilichoniuma? Hawaongei! Watu wawili wamekaa, mmoja achambua mchele, mwingine avuta tasbihi, kimya. Wangekuwa wakisema, ningesikia, ningechukua sauti zao, ningezigeuza mchezo nikalala usingizi wangu. Kimya utakiigaje? Nilijaribu. Nilikaa mbele ya majirani nimenyamaza. Wakaniuliza kama naumwa.

Basi nikaitangazia ndago vita. Nikachemsha masufuria ya maji, nikamwaga yakitokota. Majani yakalala, nikashangilia. Siku ya nane yakaamka. Nikapekua kokoto nikatandika nailoni nyeusi chini, nikazirudisha. Ndago ikaitoboa ile nailoni kama sindano ya daktari. Nikaenda Malindi mjini, duka la dawa za shamba. Muuzaji ana miwani mdomoni. "Mama, mna kisima hapo nyumbani?" Tunacho. "Kiko mbali na kokoto?" Kiko katikati ya kokoto. Akaitoa miwani mdomoni. "Mama, rudi nyumbani."

Ndipo nikakumbuka chumvi. Si ya mezani, ile ya mawe. Nikakoroga ndoo baada ya ndoo, nikanywesha ua wangu kama mtu anyweshaye ng'ombe. Ndago ikanywa ikanawiri. Kilichokufa ni mwasumini wangu. Pale pembeni, ule mti niliupanda nikiwa bibi harusi. Maua yake ndiyo niliyokuwa nikiyatungia kikuba cha kujipamba siku za zamu yangu, miaka yote, mpaka mzee akiingia mlangoni ajua kwa pua ni siku ya nani. Majani yakawa ya manjano, yakapukutika, wiki mbili nimebaki na fimbo.

Na siku zamu yangu ilipofika, nani yuko mlangoni? Bi mdogo. Ameshika jani la mgomba, ndani yake asumini za mti wake, zimechumwa na umande wake.

"Da-da... chukua. Leo... zamu yako."

Hebu fikiri. Angenitukana ningalala. Angenicheka ningalala vizuri zaidi. Kunipa! Nikazipokea, nikasema ahsante, nikafunga mlango, nikazitia kwenye maji ya vyombo. Kisha nikazitoa. Nikazisuuza, nikajitia nyweleni. Ndivyo nilivyokuwa mimi siku zile, usicheke.

Hapo ndipo shetani akaja na fikira, na mimi sikumwambia ngoja. Nikasema, ikiwa ndago yangu haitaki kufa, basi na kwake izaliwe. Viti vyote vitikisike. Tuone atavukia wapi.

Bi mdogo akapata msiba kwao Sabaki, akaenda siku tatu. Ijumaa, wanaume wote wako msikitini, mtaa kimya, mimi nikachimba kwangu vijiazi, kopo zima, vinono, vyenye macho. Nikavuka mstari wa mawe. Mara ya kwanza kuvuka tangu kiti kihame. Nikaenda pale pale kinapokaa. Nikapanda. Nikarudisha kokoto, nikazilaza kwa kiganja kama alivyozilaza yeye, nikarudi kwangu nikaosha mikono mara tatu. Ndago ina harufu yake, si mbaya, lakini haitoki.

Mvua ikaja. Nikangoja. Siku ya sita natoa kichwa: sindano za kijani, chini ya kiti cha mzee. Roho yangu ikacheza msondo.

Alasiri nikatayarisha kahawa, tende nikaweka tano. Mzee akarudi kutoka msikitini. Akaangalia kiti, akaangalia chini. Nikasema sasa. Sasa atakiinua.

Akakisukuma kando tu. Akamwita bi mdogo, akaketi kwenye kigoda, na ile nyonga, akachukua kopo akamshikia. Mke achimba, mume ashika kopo. Bi mdogo akitoa kijiazi amwonyesha kwanza, mzee akikubali kwa kichwa, chatiwa ndani, ting. Halafu wakacheka. Sikujua wanacheka nini. Mzee wangu, miezi na miezi sijasikia kicheko chake, anichekea ng'ambo ya mawe na kopo la magugu. Nami ndiye niliyewapandia hicho kicheko kwa mikono yangu.

Kisha bi mdogo akaacha kuchimba. Akarudi nyuma kwa magoti. Akaangalia, akapima kwa vidole. Akainua kichwa akaniangalia mimi.

"Da-da... njoo uone."

"Nione nini? Magugu nayaona kwangu."

"Njoo, dada."

Nikaenda. Jirani yangu mmoja, ndiyo kwanza ameingia kunywa kahawa, akanifuata na kikombe. Nikaangalia chini. Ilikuwa mistari. Mistari minne, imenyooka kama ya kuswalia. Jani na jani, vidole viwili. Jani na jani, vidole viwili. Mimi ni mtoto wa Ganda, kule mashambani, mama yangu alinifunza kupanda vitunguu kabla sijaota meno ya pili: mstari, tundu la pingili moja, vidole viwili, funika. Kichwa changu kilikuwa kikifanya fitina, mkono wangu ukapanda bustani.

Bi mdogo hakupaza sauti. Aliifuta ncha ya msumari kwa khanga. "Ndago ya Mungu... haioti kwa mstari, dada. Hii... ina mwenyewe."

Ningeweza kukana. Nina sauti ishirini kooni, ningechagua moja. Lakini nilimwona mzee ameangalia kopo, hanitazami. Nikasema ndiyo, ni mimi. Ni mimi, na ningekuwa na kopo la pili ningepanda mpaka mlangoni. Nikamgeukia mzee. Nikamwambia, kokoto hizi za nani? Si za mwanangu? Kahawa ya nani umeinywa tangu ndevu zako nyeusi? Nimefyeka, nimechoma, nimetia chumvi mpaka nimeua mwasumini wangu, kwa ajili ya miguu minne ya kiti. Nikasema leo useme, mbele yake, mbele ya jirani. Ndago nitaitoa kwa meno, jani la mwisho, Mungu shahidi. Wewe niambie tu, ni hii iliyokuondoa kwangu au siyo?

Mzee akaweka kopo chini. Akashika goti. Akafungua mdomo, na kama desturi yake, kikatangulia kikohozi.

"Khu, khu, khu..."

Na mimi, na machozi yako hapa mashavuni, mdomo wangu haukuningoja. Ulizoea. Ukatoka wenyewe: "Khu, khu, khu... ile... ile nanihii..." Na mkono hewani.

Jirani akacheka. Kikombe kikamwagika.

Bi mdogo hakucheka. Mzee aliniangalia, mara ya kwanza kwa siku nyingi aliniangalia usoni hasa, na safari hii hakukohoa hata kidogo.

"Ndago sina habari nayo," akasema. "Niliondoka kwa sababu waniiga, na mimi sipendi."